Nusu ya Kondoo wa Illugi

Kaka yangu Illugi hakuwahi kuchinja kondoo bila kumwomba radhi kwanza. Alikuwa akimshika kidevu, anamwita kwa jina lake, anamnong'oneza maneno ambayo hakuna mwingine aliyeyasikia, huku machozi yakimlengalenga. Watu wa bondeni walimcheka. Mimi sikumcheka, mimi nilimkasirikia, kwa sababu mfugaji anayelia mbele ya kisu huchelewa, na huku kwetu Aisilandi kuchelewa kunaua wengi kuliko kisu.

Kila vuli, kondoo wakishateremshwa kutoka milimani, mwenye nyumba hukaa chini akajiuliza swali moja tu: nyasi nilizokausha zitawafikisha wanyama wangapi hadi majani mapya yaote? Wanaozidi huchinjwa kabla theluji haijaanguka, wakiwa bado wanono. Hakuna ujanja mwingine. Mnyama haishi kwa mapenzi. Anaishi kwa alichokula, na asipokula anaanza kujila mwenyewe: kwanza mafuta ya kiunoni, halafu nyama ya mgongo, mwisho uboho ulio ndani ya mifupa, mpaka uboho wenyewe unakuwa maji mekundu. Nimepasua mifupa ya namna hiyo nilipokuwa msichana, tukitafuta cha kutia sufuriani. Sitamani kuipasua tena.

Lakini hawakosekani watu wanaobakiza kondoo wengi kuliko nyasi zao, wakitumaini kwamba majira ya baridi yatakuwa na huruma na kondoo watajichimbulia majani wenyewe chini ya theluji. Watu hao tuna msemo wao: wamewaweka kondoo mikononi mwa Mungu na barafu. Baba yetu alikuwa hivyo, na mara nyingi alibahatika. Hilo ndilo lililomponza Illugi. Aliiona kamari ikilipa toka utotoni, akadhani si kamari.

Vuli ile alibakiza kondoo zaidi ya sitini pale kwake Kaldakot, kwa nyasi za kondoo thelathini. Mume wangu Brandur alipita huko, akachungulia ghala la nyasi, akarudi nyumbani amenuna.

"Shemeji kajitia kitanzi," aliniambia akivua viatu.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Kanijibu kila mmoja ni mzuri, atachinja yupi? Nikamwambia uzuri hauliwi, shemeji. Kanicheka."

Mama mkwe wangu, Oddný, alikuwa kitandani kwake anasokota sufu. Mama yule hakuwa na jino hata moja, lakini maneno yake yaling'ata. "Ukoo wenu, Hallbera," akasema bila kuinua macho, "una mioyo ya siagi. Ubaya wake, na vichwa navyo ni vya siagi."

Nilikuwa nawafikiria watoto. Huku kwetu nyumba ikishindwa kujilisha huvunjwa. Mkuu wa kata anakuja, mume anapelekwa huku, mke kule, na watoto wanagawiwa kwenye mashamba ya watu, popote ambapo kata itapata nafuu ya gharama. Illugi na mkewe Salome walikuwa na watoto watatu: Pálmi, mvulana wa miaka kumi na miwili, Marín, msichana wa miaka saba, na Teitur aliyekuwa bado ananyonya. Kondoo wale wakianguka, watoto hao hawatalala tena chini ya paa moja. Kila mtu bondeni alilijua hilo, na Illugi alilijua kuliko sote.

Mwanzoni baridi ilikuja kwa adabu. Mpaka Krismasi kondoo walikuwa wanatoka, wanakwangua theluji kwa kwato, wanapata chochote. Illugi alipokutana nasi kanisani alimpiga Brandur bega akamwuliza, "Vipi shemeji, kitanzi changu hukioni kimelegea?" Brandur akatabasamu kidogo. Mimi sikutabasamu.

Baada ya mwaka mpya mvua ikanyesha juu ya theluji. Ikanyesha kutwa, kisha baridi ikakaza, na tulipoamka bonde zima lilikuwa limefunikwa kioo. Majani yalikuwepo palepale chini, unayaona kabisa, ya kahawia, lakini kondoo hawezi kula kwa macho. Walikwangua mpaka kwato zikatoa damu, na kila aliyekwangua alirudi bandani na njaa kubwa kuliko aliyotoka nayo, maana kukwangua nako kunamla mnyama. Tukawafungia ndani. Kisha barafu ya bahari nayo ikaingia ghubani ikajaa, ikakaa, na pumzi yake ikapanda bondeni usiku na mchana.

Illugi alikuja siku ya upepo, kamba ya kufungia mizigo imezungushwa begani. Nikampa kahawa.

"Mmeamkaje, dada?"

"Tumeamka. Kamba ya nini?"

"Kamba ni kamba tu."

"Mtu hachukui kamba kwenda kumsalimia dadake, Illugi."

Akacheka, kisha uso ukamshuka. Akavuta ugoro, akapiga chafya, akajifuta pua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nyasi zimeniishia," akasema. "Zimebaki za kutandikia tu. Naomba mnisitiri mpaka barafu iondoke."

Brandur alimtazama, kisha akanitazama mimi. Nami nikasema, mbele ya kaka yangu wa tumbo moja, "Usimpe."

"Wee Hallbera!" Brandur akashtuka.

"Usimpe. Namjua huyu. Atakula zake, atakula zetu, halafu tutaanguka pamoja tukiwa tumeshikana mikono."

"Kweli mwenye shibe hamjui mwenye njaa," Illugi akasema. Hakulisema kwa hasira, na ndiyo maana liliniuma.

Mwenye nyasi akimnyima jirani, bondeni kwetu husemwa vibaya kuliko mwizi, na watoto wake husemwa baada yake. Lakini nimeshaona pia, nilipokuwa mdogo upande wa kaskazini, jinsi huyu alivyompa yule, na yule akampa mwingine, mpaka maghala yote yakawa tupu wiki moja ile ile na kondoo wa kata nzima wakalala wasiinuke. Watu wa kule walikuwa na utu sana. Wengi wao leo wako Amerika au makaburini.

Oddný akaacha kusokota. "Mpe," akamwambia mwanawe. "Kutoa ni moyo. Ila mpe na kisu juu yake."

Brandur alimwelewa mama yake. Akamgeukia Illugi. "Nitakupa shemeji, ila sikiliza. Nyasi nitakazokupa ukiwalisha wote, ni kama umezitupa motoni. Ukiwalisha nusu, nusu hiyo itafika. Kwa hiyo kesho unachinja nusu. Wazee, vilema, wale wa mtoto wa jicho. Mnabaki na nyama, ngozi, na kundi la kuanzia. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Nusu," Illugi akasema.

"Nusu. Niapie."

Akaapa. Akaapa kwa majina ya watoto wake mmoja mmoja, Pálmi, Marín, Teitur, na macho yake yalikuwa makavu. Nikamwamini. Brandur akaingia ghalani, akavuta nyasi kwa kulabu mpaka jasho likamtoka, nyasi za konde la nyumbani zile nzuri, bado za kijani, bado zinanukia Julai. Illugi alibeba mizigo siku kadhaa akirudi na kurudi. Nilipoona pengo lililobaki ghalani kwetu nilihisi kama meno yangu mwenyewe yameng'olewa.

Kwa kalenda yetu kiangazi huanza Aprili, theluji iwepo isiwepo, na siku hiyo watu hupeana zawadi. Nilikuwa nimemfumia Marín glavu za sufu, nikachukua na donge la siagi, nikaenda Kaldakot juu ya barafu. Mlango wa banda la kondoo ulikuwa wazi, nikasema nianzie hapo nimpongeze kaka yangu.

Banda la kondoo walioshiba lina joto. Ukiingia unafungua shali, unasikia cheuo, unasikia matumbo yakinguruma, na mvuke unakupiga usoni, kwa sababu nyasi zinageuka moto ndani ya mnyama na moto huo unawafaa wote waliosimama karibu. Banda la Illugi lilikuwa baridi kama nje. Wala hapakuwa na sauti. Walisimama wote, vichwa chini, wamebanana, sufu imewatoka mabakabaka. Nikaanza kuwahesabu, nikaacha. Walikuwa wote. Hakuchinja hata mmoja.

Illugi alikuwa katikati yao na kapu. Anampa huyu konzi, anampa huyu konzi, anarudi nyuma kuhakikisha hakumruka mtu.

"Umeapa!" nikapiga kelele. "Umeapa kwa majina ya watoto wako!"

"Nilijaribu, dada." Hakuacha kugawa. "Nilimtoa wa kwanza, nikanoa kisu. Akanifuata mwenyewe, hata kamba sikumfunga. Nikasema kesho. Lakini tazama, wote wako hai. Kila mmoja anapata chake. Sijamwonea hata mmoja."

"Umewaonea wote! Illugi, konzi hiyo inaishia kwenye pumzi. Inamfanya asife leo, basi. Kila kondoo ana gharama yake ya kusimama tu, ya kupumua tu, kabla hata hajaota sufu au hajatia nyama. Ukimpa hiyo gharama peke yake kila siku, unalisha pumzi. Nyasi zote za Brandur zimetoka puani mwa hawa kama mvuke! Na hawa wana mimba, ndani kuna mwingine naye anadai chake!"

"Sasa nifanye nini?"

"Nipe kisu."

"Hallbera."

"Nipe kisu, we mwanamume! Huyu hapa, amekwisha. Na yule. Na huyu wa jicho moja."

Akaja akasimama kati yangu na kondoo. "Si huyo. Huyo Salome alipokosa maziwa, ndiye aliyemnywesha Teitur."

"Haya, yule."

"Yule alipotea mlimani miaka miwili akarudi mwenyewe."

"Yule je?"

"Yule ni wa Marín."

Kila niliyemnyooshea kidole alikuwa na sababu ya kuishi, na sababu zote zilikuwa za kweli. Ningeweza kumpiga. Namkumbuka alivyosimama mikono imetanuka, na kapu tupu mkononi, akinitazama kama vile mimi ndiye njaa.

Ndani ya nyumba niliwakuta watoto wamelala kwenye mbao tupu. Magodoro yalikuwa maganda tu. Nyasi zilizokuwa ndani, zilizolaliwa miaka na miaka, zilikuwa zimeshaliwa na kondoo. Salome alikuwa anakoroga uji wa ukoga wa mlimani, ule unaobanduliwa kwenye mawe, mwembamba, unaona chini ya sufuria.

"Wifi, usimgombeze tena," akasema. "Mimi nimegombeza mpaka koo limekauka. Analala nao kule bandani siku hizi."

"Na wewe je? Kwa nini usichinje wewe?"

"Ningechinja. Nilikwenda na kisu. Pálmi akanishika gauni, analia, 'Mama, usimwue baba.' Hakusema kondoo, wifi. Alisema baba."

Marín alikuja akazipokea glavu, akanishukuru, akarudi kukaa pale pale alipokuwa, magoti kifuani. Hakucheza, wala Pálmi hakucheza. Watoto wenye njaa hawachezi, wanakaa kimya wanaweka akiba ya kile kidogo walichonacho, kama wanyama tu. Nililia njiani mpaka nyumbani, na machozi yakaganda kwenye shali.

Nilimweleza Brandur. Aliingia ghalani kwetu akaangalia kilichobaki, kisha akachukua kisu akaenda kwenye banda letu wenyewe. Siku ile alichinja majike wanane wetu, waliokuwa wazima, wenye mimba, kwa sababu nyasi tulizotoa hazikuwapo tena na barafu ilikuwa bado ghubani. Hakulia wala hakumwomba mtu radhi. Ila jioni hakula. Oddný alimsogezea sahani, akaisukuma.

"Sikukwambia umpe na kisu?" mama yake akamwambia.

"Nilimpa, mama. Kisu hakimchinjii mtu."

Nyama nyingine tuliwapelekea Kaldakot. Nilikuwa nimekasirika kiasi cha kutotaka kumwona Illugi, lakini watoto hawakuwa na kosa.

Mei ilikuwa inaelekea katikati ndipo upepo ulipogeuka kusini. Uligeuka ghafla, mwanana, na barafu ya bahari ikaanza kutoka ghubani ikisagana kwa kishindo. Theluji ikaoza. Siku chache tu, na miteremko inayotazama jua ikaanza kuonyesha kijani chembamba. Kwa mbali unakiona dhahiri, ukiinama kukishika hakikamatiki hata kwa kucha. Mtu mgeni angefurahi. Brandur alipokiona alitupa koleo.

"Illugi atawafungulia," akasema.

"Hata yeye si mjinga kiasi hicho."

"Si ujinga, Hallbera. Ni furaha."

Tulikwenda mbio, Brandur akiwa na mzigo wa nyasi mgongoni, karibu nyasi zetu za mwisho. Tulipolipita tuta la Kaldakot tulikuta mlango wa banda umefunguliwa na kondoo wako nje kwenye konde zima, na Illugi amesimama katikati bila kofia, jua limempiga usoni. Alikuwa anacheka. Watoto walikuwa mlangoni, nao wanacheka. Sikuwa nimesikia kicheko nyumba ile tangu Krismasi.

"Dada!" akaniita. "Dada, umeona? Wamefika! Wote wamefika!"

"Warudishe!" Brandur akapiga kelele. "Wafunge, shemeji! Wape hizi nyasi, wafunge wiki moja tu!"

"Wafungwe tena? Na majani yako mbele yao?"

"Hakuna majani! Ni rangi tu!"

Tulikuwa tumechelewa. Kondoo aliyekaa gizani na njaa akiona kijani huwa hasikii tena. Anang'ata mara moja, hapati kitu, anaangalia mbele, na mbele kunaonekana kijani zaidi, anakimbilia. Anafika, anainama, hakuna kitu tena, kijani kiko mbele. Kila hatua inamgharimu kuliko kinachoingia mdomoni, na hawa hawakuwa na kitu cha kulipia. Kijani kile kiliwapandisha mteremko, na tulikuwa tunawakimbiza sisi sote, Salome na Pálmi na mimi tukipunga mikono, na nadhani kuwakimbiza nako kuliwamaliza. Wa kwanza alikunja magoti ya mbele kama anayetaka kulala. Kisha mwingine. Hawakupiga kelele. Walilala kwenye jua, midomo imepakwa kijani, na mbavu zikapanda na kushuka, kisha zikaacha kupanda.

Illugi alikwenda kwa kila mmoja. Aliwaita majina yote. Ilimchukua mpaka alasiri, na hakumruka hata mmoja.

Waliopona walikuwa saba. Ni wale ambao asubuhi ile hawakuweza kusimama, wakabaki wamelala bandani mlango ukiwa wazi. Tuliwalisha kwa mkono, kidogo kidogo, nyasi za mzigo wa Brandur zikiwa zimeloweshwa maji ya uvuguvugu, na wakainuka. Ndio hao nusu ya kondoo aliyotuapia Illugi. Kondoo saba hawalishi watu watano.

Mkuu wa kata, mzee Finnbogi, alikuja mwanzoni mwa Juni. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alikataa kahawa kwa Salome, maana alijua hakuna, akakaa ukingoni mwa kitanda na kofia magotini. Illugi atakwenda pwani kuvua katika mashua za watu. Salome atachukuliwa na nyumba ya kasisi, kazi za jikoni, pamoja na mtoto mchanga kwa vile ananyonya. Hao wawili wengine, akasema, mmoja anaweza kwenda kwetu Hvammur, kwa shangazi yake, kama shangazi yuko tayari. Mwingine kapata mahali nyuma ya jangwa la mlima, safari ya siku nyingi kwa farasi. Alipolitaja jina la shamba lile Salome akafunga macho. Wote tulikuwa tumelisikia. Watoto wa kata hawakufa kule, lakini walirudi wamekuwa wadogo kuliko walivyokwenda.

"Tutawachukua wote wawili," nikasema.

"Hallbera." Brandur alisema kwa upole sana, na upole ule uliniudhi kuliko kelele. "Tuna ng'ombe mmoja. Majike wanane niliowachinja ndio wangekuwa maziwa ya kiangazi hiki na chakula cha majira ya baridi yajayo. Midomo mitatu nyumbani tayari, na mmoja ndani yako."

Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, nami nilijua hesabu hiyo kuliko yeye. Nilijua nyama ya mikono yangu ilivyokuwa inapungua kila yule wa ndani alipokua. Nilijua pia ningewagawia wawili wale chakula cha mmoja, konzi kwa konzi, kwa haki kabisa, mpaka Machi.

"Chukua mvulana," Oddný alikuwa ameniambia asubuhi, nilipokuwa navaa viatu. "Mvulana baada ya miaka miwili tu anajilipa. Msichana wa miaka saba anakula tu. Sisemi kwa ubaya, mwanangu. Ungekuwa kondoo ungelijua bila kuambiwa."

Watoto walisimama mbele yangu, nguo zimefuliwa, nywele zimechanwa kwa maji. Illugi alikuwa kasimama karibu na dirisha, mgongo kwetu. Nilingoja aseme kitu, hata neno la kunilaumu, ningemshukuru. Pálmi ndiye aliyesema.

"Mchukue Marín, shangazi. Mimi natembea vizuri."

Ndivyo ilivyokuwa. Sikuchagua mimi, alichagua mtoto wa miaka kumi na miwili, na sisi watu wazima tukakaa kimya tukamwachia, na katika yote yaliyotokea mwaka ule hilo ndilo linalonifanya niwe na hasira na kila mtu aliyekuwa chumbani, mimi wa kwanza. Mzee Finnbogi akavaa kofia. Pálmi akamkumbatia mama yake, akambusu Teitur, akampa baba yake mkono kama mtu mzima, na Illugi akaushika, hataki kuuachia, mpaka Finnbogi alipokohoa. Kisha akatoka, akafuata nyuma ya farasi kwa miguu. Kweli alitembea vizuri. Marín alitazama mpaka tuta likamficha.

Jioni ile nyumbani kwetu nilimwekea Marín chakula mezani peke yake kwanza, kabla ya sisi, kwa sababu nilitaka ale ashibe mara moja mbele ya macho yangu. Samaki mkavu, mzuri, siagi juu, na bakuli la maziwa ya mgando. Hata Oddný alisogea karibu, akasema, "Kula mjukuu wangu, huku hakuna anayekuhesabia."

Mtoto alimkunjua samaki taratibu. Akamkata vipande vitatu, kama aliyekaa na ndugu zake wawili, akavipima kwa jicho, akatoa kidogo kwa kikubwa akaongeza kwenye kidogo, mpaka vikalingana. Siagi nayo akaigawa hivyo hivyo kwa ncha ya kisu. Kisha akala kipande kimoja, polepole, akalamba vidole, akaweka mikono mapajani. Brandur aliinuka akatoka nje.

"Kula, mwanangu," nikamwambia. "Vyote ni vyako."

"Najua, shangazi," akasema, wala hakuvigusa.